Kisu Kingoje: Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya, Wabunge na Magavana wa Kenya

KUH: WATOTO WANAOZALIWA NA JINSIA TATA

Waheshimiwa,

Nimezalisha akina mama kwa miaka 31 katika zahanati na vituo vya afya vya Kilifi, hadi nilipostaafu. Mama akishajifungua, swali lake la kwanza huwa lile lile, awe Mgiriama, Mbajuni au mtu wa bara: "Ni mvulana au msichana?" Nimelijibu maelfu ya mara. Mara nne sikuweza, kwa kuwa maumbile ya mtoto hayakuonyesha wazi. Nawaandikia kwa sababu ya mmoja wa hao wanne, na kwa sababu ya kijana mwingine ambaye sikumzalisha mimi, na kwa sababu sheria iliyopitishwa kwa ajili yao haijafika bado kwenye chumba cha kujifungulia.

Ulikuwa usiku wa masika, stima imepotea, nami nafanya kazi kwa tochi aliyonishikia mhudumu wa usafi. Mama alikuwa na miaka 19, uzazi wake wa kwanza. Mavyaa wake alikuwa nje kwenye benchi, amepakata leso mpya ya kumpokelea mjukuu. Mtoto alitoka salama, akalia vizuri, nikamwinua, tukamulika. Kilichokuwa mbele kilikuwa kikubwa kuliko kinembe na kidogo kuliko uume. Chini yake ngozi ilikuwa imefungana na kukunjamana kama pumbu, lakini nilipopapasa hamkuwa na kokwa ndani. Na sehemu ile yote ilikuwa nyeusi kuliko mwili wake. Weusi ule niliuona, nikaupita.

"Ni nini, sista?" mama akauliza.

"Msikie anavyolia, mwanao ana mapafu mazuri," nikamjibu, nikamfunga ile leso.

Katika daftari la wazazi kuna safu ya jinsia, na safu ile ilikuwa na herufi mbili tu za kuchagua. Nilichukua penseli badala ya kalamu. Asubuhi tabibu wetu aliandika barua ya rufaa kwa daktari wa upasuaji. Maneno yake nayakumbuka: kwa marekebisho ya sehemu za siri. Kliniki ya upasuaji ilikuwa Alhamisi, kila baada ya wiki mbili, kwa hiyo familia ikaambiwa ikae nyumbani ingoje. Sote, mimi na tabibu na mavyaa, tulikuwa tunatazama mahali pamoja tu pa mwili wa mtoto yule.

Siku ya kumi walirudi mbio. Anatapika kila anachonyonya, utosi umedidimia, kilio kimekuwa chembamba kama cha paka. Tulidhani ni tumbo. Tukampa maji ya chumvi na sukari, tukaandika rufaa nyingine. Alikata roho ndani ya matatu, juu ya mapaja ya bibi yake, akiwa amefungwa leso ile ile.

Miaka minne baadaye, kwenye mafunzo ya siku tatu mjini Mombasa, daktari mmoja wa watoto alituchorea figo mbili ubaoni, na juu ya kila figo akachora kitu kama kofia ndogo. Hizo ni tezi za adrenali, akasema. Wapo watoto wanaozaliwa tezi hizo zikishindwa kutengeneza homoni mbili ambazo mwili hauishi bila hizo. Moja huizuia chumvi isipotee kwenye mkojo, ya pili huupa mwili nguvu ya kustahimili homa na maradhi. Tezi huhangaika kuzitengeneza, na katika kuhangaika huko humwaga homoni za kiume kwa wingi tangu mtoto yumo tumboni. Akiwa wa kike, huzaliwa na maumbile kama yale niliyoyamulika, na mara nyingi ngozi ya sehemu hiyo huwa nyeusi. Kwa wengi wao chumvi huanza kuisha mwilini kati ya wiki ya kwanza na ya tatu. Dawa yake ni vidonge: haidrokotisoni, fludrokotisoni, na chumvi kidogo kwenye maziwa. Kaka zao wenye ugonjwa huo huo huzaliwa na maumbile ya kawaida, hufa wiki ya pili, na jamaa huambiwa ni kuhara.

Niliweka kalamu chini nikatoka nje ya ukumbi. Maumbile ya mtoto yule yalikuwa kengele. Ilikuwa inatulilia tangu dakika ya kwanza kwamba ndani ya damu yake kuna hatari, na sisi tukaandika barua ya kupeleka kengele ikanyamazishwe.

Kwa hiyo, waheshimiwa, mtoto wa jinsia tata anapozaliwa kweli lipo jambo la haraka, ila si lile tunalolikimbilia. La haraka ni chumvi ya damu. La haraka ni njia ya mkojo, ikiwa imeziba. Baadaye, kwa baadhi yao, kuna tezi za uzazi zilizobaki ndani ambazo zinaweza kugeuka saratani, na hizo zina vipimo vyake na muda wake. Lakini urefu wa kiungo, umbo lake, kama atachutama au atasimama anapokojoa, haya hayajawahi kumuua mtoto yeyote. Yanawauma watu wazima wanaomtazama.

Huyo wa pili alikuja kliniki akiwa na miaka 16, amevaa sare ya shule ya wasichana. Mama yake alimleta kwa kuwa hajaona hedhi. Matiti hayajaota, nywele za kwapa hakuna. Nilipomlaza kitandani niliona makovu mawili, moja kila upande wa kinena, membamba, yamenyooka kama yaliyopigwa rula. Nikauliza ni ya nini. Mama akajibu haraka: "Ya mshipa. Alipasuliwa akiwa mdogo." Mtoto hakusema kitu. Alinitazama mimi.

Nilimtoa mtoto nje, nikakaa na mama, na baada ya muda mrefu akanieleza. Mtoto alipokuwa na miezi minane, katika hospitali ambayo sitaitaja, waliambiwa kitandani, watu wakipita, kwamba ana kasoro, na kwamba itakuwa rahisi kumfanya msichana. Wakaletewa karatasi. Yeye hakujua kusoma, akatia dole gumba. Hakuna aliyemwambia kwamba kilichotolewa kwenye kinena kile ni korodani mbili zilizokuwa hazijashuka. Aliambiwa ni vinyama.

Siku ya pili mtoto alikuja peke yake. Alisema kwamba tangu darasa la tatu alijijua kuwa ni mvulana na alidhani ana wazimu. Nilimweleza yote, maana mama yake alikuwa ameniruhusu na kulia. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Nesi, kwa nini hawakuningoja?"

Leo ni mtu mzima, anatengeneza pikipiki za bodaboda, na anaishi kama mwanamume. Kwa kuwa mwili wake hauna tena tezi ya kumtengenezea homoni, anahitaji sindano maisha yake yote, kwa fedha zake mwenyewe, na miezi anayokosa huanza kulalamika mifupa na uchovu. Cheti chake cha kidato cha nne kina jina la msichana. Ameniruhusu niandike haya, jina lake likibaki kwake.

Wapo waliopasuliwa utotoni wakakua na wakaridhika. Siwakatalii, na sitaki mtu yeyote awanyooshee kidole wazazi wao, maana mzazi aliyeogopa hutia dole gumba mahali popote anapoambiwa. Ninachosema ni kwamba siku ile ya miezi minane hakuna daktari duniani aliyeweza kujua huyu atakuwa yupi, na kilichokatwa hakirudi.

Mnaweza kujiuliza haraka hii ilitoka wapi. Sehemu kubwa ilitoka Baltimore, Marekani, kwa profesa John Money wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, aliyefundisha tangu miaka ya 1950 kwamba mtoto mchanga anaweza kulelewa awe jinsia yoyote ile, mradi uamuzi ufanywe mapema na sehemu zake zifanane na malezi. Mfano wake mkubwa alikuwa mtoto wa kiume wa Winnipeg, Kanada, aliyezaliwa mwaka 1965 na mwenye pacha, ambaye uume wake uliungua katika tohara iliyoharibika akiwa na miezi minane. Kwa ushauri wa Money alipasuliwa, akapewa jina la kike, akalelewa msichana. Ulimwengu wa udaktari uliambiwa mwaka 1972 kwamba jambo limefaulu, na hospitali nyingi zikafuata. Halikufaulu. Akiwa kijana, alipoambiwa ukweli, alirudi kuishi kama mwanamume, akajiita David Reimer. Mwaka 1997 madaktari waliandika hadharani ukweli wake. Mwaka 2004 alijiua akiwa na miaka 38. Yeye hakuzaliwa na jinsia tata, lakini watoto wengi wenye jinsia tata walikatwa kwa kutegemea hadithi yake, na mazoea hayo yakasafiri kwenye vitabu vya kufundishia hadi kwetu. Mwalimu aliyemfundisha daktari aliyemfundisha daktari wetu alisoma vitabu hivyo.

Na jambo linaloniuma ni kwamba sisi watu wa Pwani hatukuhitaji fundisho lile. Babu yangu alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani. Katika vitabu vya fikihi ya Shafii, yaani sheria za Kiislamu, alivyosomesha, mtu wa jinsia tata ana jina, huntha, na ana mlango wake. Ikiwa dalili zake hazijabainika, anaitwa huntha mushkil, na wanazuoni walikuwa na la kufanya: wakangoja. Kwenye mirathi alipewa fungu lile dogo ambalo hapana shaka ni lake, na kilichobaki kikasimamishwa mpaka hali ibainike, hasa atakapobaleghe. Mali ya watu ilisimamishwa kwa ajili ya mtoto mmoja! Watu wasiokuwa na darubini wala maabara walijua kwamba mwili wenyewe utasema ukifika wakati wake.

Hata lugha tunayoizungumza inaruhusu kungoja. Mama anaweza kumnyonyesha, kumbembeleza, kumsifia kwa jirani, akasema analala, anacheka, ameota jino, mwanangu huyu, na asiseme hata mara moja kama ni wa kiume au wa kike. Majina tunayo, Furaha, Amani, Tumaini. Shinikizo halitoki kwenye ulimi wa mama. Linatoka kwenye fomu.

Sisemi kwamba mila zetu zote zilikuwa za huruma. Magharibi mwa nchi wapo wakunga wa jadi waliosimulia wazi, hata kwa wanahabari, kwamba zamani mtoto kama huyu aliuawa mara tu anapozaliwa, na kitendo hicho kilikuwa na jina la kufichia, kuvunja kiazi. Hao hao wakunga wamesema wameacha, na baadhi yao wamewalea watoto waliotakiwa wawaue. Nikisoma habari za wanawake wale nasema, ikiwa mkunga wa kijijini asiye na mshahara ameweza kubadilika, wizara haina sababu.

Nchi yetu haijalala kabisa, na ni haki niseme hivyo. Mwaka 2010 Mahakama Kuu iliamuru Richard Muasya, aliyezaliwa na jinsia tata, alipwe shilingi 500,000 kwa unyama aliotendewa ndani ya gereza la wanaume la Kamiti, ingawa mengine aliyoyaomba iliyakataa. Mwaka 2014 Jaji Isaac Lenaola alitoa hukumu katika kesi ya mtoto aliyeitwa mahakamani Baby A, aliyezaliwa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta mwaka 2009, ambaye kwenye karatasi zake za hospitali, mahali pa jinsia, paliwekwa alama ya kuuliza. Jaji aliiambia serikali imweleze ndani ya siku 90 ni nani anayewajibika kuhifadhi takwimu za watoto hawa, na hatua gani zinachukuliwa kuhusu mwongozo wa upasuaji wao. Mwaka 2017 kikaundwa kikosi kazi cha kulichunguza jambo hili. Katika sensa ya Agosti 2019 Kenya ikawa ya kwanza Afrika kuwahesabu: watu 1,524 kati ya 47,564,296.

Niruhusuni nisimame kidogo kwenye hesabu hiyo. Madaktari hukadiria kwamba katika kila watoto 4,500 au 5,000 hivi, mmoja huzaliwa na maumbile ambayo mkunga hawezi kuyatambua mara moja. Gawanyeni wenyewe. Katika watu milioni 47 tungetarajia wapatao elfu tisa au kumi, na tukahesabu elfu moja na nusu. Wengine waliandikwa mwanamume au mwanamke na wameridhika, wengine wamefichwa, wengine wamejificha. Na wengine hawakufika wiki ya tatu. Wangu mmoja ni miongoni mwa hao, na hayumo kwenye daftari lolote isipokuwa lile la penseli.

Kisha ikaja Sheria ya Watoto ya mwaka 2022. Kifungu cha 21 kinasema mtoto wa jinsia tata ana haki ya kutendewa kwa heshima na kupata matibabu yanayomfaa. Kifungu cha 23 kinakataza kubadilisha au kuondoa viungo vyake, na kimeliweka kosa hilo kwenye orodha moja na ukeketaji na ndoa za watoto. Nilipokisoma nilishukuru Mungu. Nikasoma tena, nikaona maneno yaliyofuatia: isipokuwa kwa ushauri wa daktari bingwa wa jenetiki. Katika miaka 31 sijakutana uso kwa uso na hata bingwa mmoja wa jenetiki. Kwa hiyo mahali pengi mlango huu haujafungwa wala haujafunguliwa. Anayeheshimu sheria anakosa wa kumuuliza, na asiyeiheshimu hana wa kumzuia. Na katika kifungu chote hicho mtoto mwenyewe, akishafikia umri wa kusema, hatajwi kwamba aulizwe.

Najua kwa nini jambo hili linakwama Bungeni. Neno jinsia limekuwa kaa la moto. Mbunge akilisikia anafikiria televisheni za ng'ambo, anafikiria mhubiri wa jimbo lake atasemaje Jumapili, anaona heri anyamaze. Basi acheni tuseme wazi wanachobishania huko, ili kisichanganywe na hiki.

Uingereza na Marekani mabishano ni juu ya vijana ambao miili yao ilizaliwa bila utata, lakini wao wanahisi kwa uchungu mkubwa kwamba si jinsia yao, na wanaomba dawa za kusimamisha balehe, au homoni. Mwaka 2024 daktari wa watoto Hilary Cass aliikabidhi huduma ya afya ya Uingereza ripoti iliyosema ushahidi wa faida za dawa hizo kwa vijana ni dhaifu na kwamba hadhari kubwa inahitajika, na mwisho wa mwaka huo serikali ilizizuia zile za kusimamisha balehe kwa matumizi hayo bila kuweka kikomo. Marekani, jimbo la Tennessee lilipiga marufuku matibabu hayo kwa walio chini ya miaka 18, na Juni 2025 Mahakama ya Juu ikaiacha sheria hiyo isimame, majaji sita kwa watatu. Wapo madaktari na wazazi wengi wanaosema marufuku hizo zinawaumiza vijana ambao tayari wanaumia. Mimi sijawatibu vijana hao na sitajifanya hakimu wao. Ni watoto wa watu.

Lakini someni sheria ya Tennessee mpaka chini. Inasema mtoto ni mdogo mno kwa uamuzi mzito kama huu, kisha inaacha ruhusa ya dawa na upasuaji kwa mtoto aliyezaliwa na kasoro ya maumbile. Kijana wa miaka 15 anayeomba ananyimwa kwa kuwa hajakomaa. Kichanga wa miezi minane ambaye hajaomba kitu anaruhusiwa kupasuliwa kwa idhini ya wengine. Nimeligeuza hili kila upande, na sijaona namna ya kuyashikilia yote mawili kwa pamoja. Mbunge anayesema "tusiwaharakishe watoto katika mambo ya jinsia" anasema ninachokisema mimi, basi alisimamie pia kwa huyu aliyezaliwa Ganze, huku Kilifi, usiku wa jana.

Kusubiri huku si jambo geni kwa mataifa. Malta ilipiga marufuku upasuaji usio wa lazima kwa watoto hawa tangu 2015. Na ikiwa Malta ni mbali, Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yetu wenyewe, iliyoko Banjul, ilipitisha azimio mwaka 2023 likizitaka nchi za Afrika zikomeshe upasuaji wa kuwafananisha watoto hawa na wengine bila ridhaa yao.

Magavana, nianze na ninyi kwa sababu dawa zipo mikononi mwenu. Haidrokotisoni na fludrokotisoni za watoto ziingie kwenye orodha ya kila kaunti mnapoagiza KEMSA, shirika la serikali la kusambaza dawa, na zisiwe zinaisha. Nimemwona mama akizunguka maduka ya dawa ya mji mzima na karatasi mkononi, akirudi na nusu ya kilichoandikwa. Nimewaona wakikata kidonge kimoja kwa wembe mara nne juu ya sinia, wakipuliza unga, wakikisia kipimo cha mtoto wa kilo tatu. Kila hospitali ya kaunti iweze kupima chumvi za damu usiku na mchana, si saa za ofisi tu. Mashine ikiharibika itengenezwe wiki hiyo. Mtoto huyu hana wiki nyingine.

Mheshimiwa Waziri, kwako naomba karatasi moja ya kubandikwa ukutani katika kila chumba cha kujifungulia nchini. Iwe kwa Kiswahili. Imwambie mkunga wa zamu ya usiku kwamba akimwona mtoto asiyetambulika, asimpeleke kwa daktari wa kisu kwanza. Apime chumvi, ampigie daktari wa watoto, amlaze mtoto wodini na asimrudishe nyumbani mpaka wiki zile za hatari zipite au majibu yapatikane. Imfundishe pia la kumwambia mama, maana mimi nilibaki na mapafu mazuri na hakuna mwingine aliyenifundisha zaidi. Aambiwe kwamba mtoto wake yuko hai, kwamba wapo wengine kama yeye, kwamba jinsia yake itajulikana kwa vipimo na kwa muda, na kwamba hakulogwa wala hakulaaniwa. Hili la kulogwa lisemwe kwa sauti, na baba awepo. Nimeona ndoa mbili zikivunjika kwa kukosa sentensi hiyo.

Na toeni kanuni za kifungu cha 23. Zitaje upasuaji upi ni wa kuokoa maisha na upi ni wa sura tu, na ule wa sura usubiri mpaka mwenye mwili aweze kusema. Wasiamue watu wawili kitandani. Wakae daktari wa homoni, daktari wa watoto, mshauri wa familia, na pawe na mtu aliyezaliwa hivi mwenyewe akakua, maana yeye anajua yasiyojulikana na hao wengine. Bingwa wa jenetiki aliye Nairobi anaweza kuulizwa kwa simu na picha za vipimo, wala si lazima mama auze mbuzi apande basi. Bima ya afya ya serikali, SHA, igharamie vipimo hivyo, na iwagharamie homoni wale waliokwishakatwa. Serikali haiwezi kuwarudishia walichopoteza. Sindano inaweza kuwapa.

Wabunge, rekebisheni kifungu kile ili mtoto atajwe. Ongezeni maneno machache tu kwamba asiulizwe bingwa peke yake, mtoto mwenyewe naye aulizwe. Na mzipatie hospitali ruhusa ya kuiacha safu ile ya jinsia ingoje kwa muda unaojulikana, bila mtoto kunyimwa cheti cha kuzaliwa, kliniki au chanjo. Mimi nilitumia penseli kwa woga. Wekeni wino.

Mwezi uliopita, saa nane za usiku, simu yangu ililia. Alikuwa mkunga kijana niliyewahi kumfundisha kazi, yuko kituo cha afya kule ndani, anazungumza kwa kunong'ona. "Mama, nimempata mmoja. Nifanye nini?" Nilimuuliza rangi ya ngozi. Akasema ni nyeusi. Nilimwambia asimwachie aende nyumbani hata kama mavyaa atagombana naye. Alimshikilia. Gari la wagonjwa halikuwa na mafuta, wakachanga wao wenyewe, wakafika hospitali alfajiri. Chumvi ya mtoto ilipoanza kushuka siku ya nane alikuwa tayari wodini, mkononi mwake mna mpira wa dripu.

Leo ana wiki sita, anaongezeka uzito, na hakuna aliyemgusa kwa kisu. Wazazi wamempa jina la Tumaini. Vidonge vyake vilivyobaki nyumbani, nilivyovihesabu mwenyewe jana juu ya mkeka, ni vya siku kumi na moja.

Wenu,
Mkunga mstaafu,
Kaunti ya Kilifi